Kompyuta nne ndogo, blogu moja: nianzie wapi?

Swali: Nina kompyuta nne za Raspberry Pi 4 ambazo zimekaa tu bila kazi. Nataka kuziunganisha ziwe klasta ya Kubernetes, yaani kundi la kompyuta ambalo programu hiyo inaliongoza kama mashine moja, na kuweka blogu yangu humo, nyumbani kwangu, ili nisitegemee kampuni yoyote na ili blogu isizimike hata kompyuta moja ikifa. Tatizo ni kwamba anwani yangu ya IP inabadilika mara kwa mara, na sijui kama mtoa huduma wangu wa intaneti anaruhusu watu wa nje kunifikia. Je, inawezekana, na nianzie wapi?

Jibu: Inawezekana, ndugu yangu, na nakuunga mkono kwa moyo wote. Mtu anayeandika anastahili kujua maandishi yake yamelala kwenye mashine gani, na ni vizuri zaidi kama mashine hiyo anaweza kuigusa. Ila swali lako limebeba mambo mawili, na naomba tuyatenganishe tangu sasa. Moja ni kuweka blogu nyumbani. La pili ni kuiweka kwenye klasta. La kwanza ni jepesi. Kompyuta moja kati ya hizo nne inalimudu bila shida. La pili lina faida zake, lakini faida kubwa si ile unayoitarajia. Klasta itakukinga kompyuta moja ikifa. Haitakukinga umeme ukikatika, laini ya intaneti ikilala, ruta ikiganda, cheti cha usalama kikiisha muda au ukifuta makala kwa bahati mbaya.

Klasta zilibuniwa kwa haja nyingine. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa katika kituo cha Goddard cha NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye kichakato cha 486 DX4 zikafanya kazi kama mashine moja, wakaiita Beowulf. Walitafuta nguvu ya kukokotoa. Blogu ya mtu mmoja haina haja na nguvu hiyo. Raspberry Pi 4 moja inayotoa kurasa zilizokwisha kuandaliwa inajibu mamia ya maombi kwa sekunde, na laini yako ya nyumbani itajaa zamani kabla kichakato hakijaelemewa. Kwa hiyo sababu inayobaki ya kuwa na klasta ni ustahimilivu: kimoja kikianguka, kingine kishike kazi.

Sasa fuata safari ya msomaji wako mmoja. Kivinjari chake kinauliza DNS, kitabu cha majina na anwani za intaneti, jina la blogu linakaa kwenye anwani ipi. Kinapita kwenye laini yako, ambayo ni moja. Kinafika kwenye ruta, ambayo ni moja, kisha kwenye swichi moja, na vyote hivyo vinakula umeme wa chanzo kimoja. Ndipo kinakutana na kompyuta zako nne. Umeweka ustahimilivu mwishoni mwa njia, baada ya sehemu zote ambazo hazina mbadala. Sikuambii haya ili uache. Nakuambia ili ujue pa kuweka juhudi kwanza. Kifaa kidogo cha betri kinachoshikilia ruta, swichi na kompyuta kwa saa moja kitaifaa blogu yako kuliko nodi (yaani kompyuta ya klasta) ya pili, ya tatu na ya nne zikijumlishwa.

Tuanze na blogu yenyewe, kwa sababu aina ya blogu utakayochagua ndiyo itakayoamua klasta yako itakuwa rahisi au itakuwa mateso.

Mfumo kama WordPress, ambao umekuwapo tangu 2003, huunda kila ukurasa pale msomaji anapouomba: programu ya PHP inaamka, inauliza hifadhidata, inaunganisha vipande, inatuma. Ni sawa na mpishi anayewasha jiko upya kwa kila mgeni. Tovuti tuli ni chakula kilichopikwa na kupakuliwa mapema. Mgeni akija anapewa sahani. Unaandika makala katika faili za maandishi ya kawaida, unaendesha programu kama Hugo au Jekyll mara moja, nayo inakutolea folda ya kurasa za HTML. Seva haina kazi nyingine ila kuzikabidhi. Hakuna hifadhidata ya kuharibika, hakuna ukurasa wa kuingilia wa msimamizi ambao roboti za mtandaoni zitashinda zikijaribu nywila zake usiku na mchana.

Kwa blogu ya mtu mmoja nyumbani, mimi huchagua tovuti tuli, tena bila kusita. Sababu kubwa kuliko zote inahusu klasta, nayo nitaieleza mbele kidogo: tovuti tuli haina kitu cha kukumbuka. Kama unahitaji maoni ya wasomaji chini ya makala, waandikie anwani ya barua pepe. Utapata maoni machache, lakini ni ya watu waliodhamiria kukuandikia.

Kuhusu picha, fanya hesabu kabla hujaweka hata moja. Laini nyingi za nyumbani zina kasi kubwa ya kupakua na kasi ndogo ya kupakia, na blogu inaishi kwenye ile ndogo. Tuseme kasi yako ya kupakia ni megabiti 5 kwa sekunde. Hiyo ni kilobaiti 625 kwa sekunde. Makala yenye picha tatu kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja megabaiti 4, ina megabaiti 12. Msomaji mmoja, akiwa peke yake, atasubiri sekunde 19 hivi. Zipunguze picha hizo zifike kilobaiti 150 kila moja, uongeze kilobaiti 50 za maandishi na mitindo, na ukurasa wote ni kilobaiti 500: haufiki sekunde moja. Hakuna idadi ya kompyuta itakayokupa tofauti kubwa namna hiyo. Hugo inaweza kupunguza picha yenyewe wakati wa kuandaa kurasa, kwa hiyo hulazimiki kukumbuka kila mara.

Sasa mlango wa kuingilia, sehemu iliyokutia wasiwasi, na una haki.

Ingia kwenye ruta yako usome anwani ya IP iliyopewa upande wa nje. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani ambayo dunia inakuona nayo. Zikilingana, una anwani ya hadharani, hata kama inabadilika. Zisipolingana, na hasa kama ile ya kwenye ruta iko kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, basi mtoa huduma wako amekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Fungu hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili hiyo hasa, kwa sababu anwani za IPv4 zilikuwa zimekaribia kwisha. Ukiwa huko, kufungua porti, yaani mlango wenye namba, kwenye ruta hakukusaidii kitu, kwa sababu mlango wa nje kabisa si wako. Soma pia masharti ya mkataba wako: baadhi ya watoa huduma hawaruhusu seva kwenye laini za nyumbani, na ni bora ujue leo.

Kama anwani ni ya hadharani lakini inabadilika, dawa yake ni ndogo. Unaweka programu kwenye mojawapo ya kompyuta inayoangalia anwani kila baada ya dakika chache, na ikibadilika inaiambia huduma yako ya DNS. Weka muda wa rekodi hiyo kuwa sekunde 300, ili wengine wasiendelee kushikilia anwani ya zamani kwa saa nyingi. Kisha kwenye ruta unaelekeza porti 80 na 443 za wavuti, hizo mbili tu, kwenda kwenye klasta. Unapojaribu, tumia data ya simu, si Wi-Fi yako. Ruta nyingi hazikubali kifaa cha ndani kiite anwani ya nje ya nyumba hiyohiyo, na watu hupoteza jioni nzima wakitafuta kosa ambalo halipo.

Kama umefungwa nyuma ya anwani ya pamoja, kuna njia mbili zinazofaa, na zinatofautiana kwa jambo linalokugusa, kwa kuwa umesema hutaki kutegemea kampuni. Ya kwanza ni huduma kama Cloudflare Tunnel: programu ndogo nyumbani kwako inapiga simu kwenda nje, na wasomaji wanapitia kwenye mtandao wa kampuni hiyo. Ni rahisi kuweka. Lakini usimbaji unafunguliwa kwao kabla haujafungwa tena kuja kwako, kwa hiyo wanaweza kuona kinachopita, na siku wakikufungia akaunti blogu inatoweka hadi utafute njia nyingine.

Ya pili ni kukodi seva ndogo kabisa mahali popote penye anwani ya hadharani, kisha kuiunganisha na nyumbani kwa WireGuard, programu inayotengeneza handaki lililosimbwa kati ya mashine mbili, ambayo imekuwa ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayoanzisha muunganisho, kwa hiyo anwani yako ikibadilika, au ikiwa imefichwa, hakuna kinachoharibika. Weka `PersistentKeepalive = 25` upande wa nyumbani ili njia isifungwe na ruta ikikaa kimya. Seva ya kukodi haifanyi kitu kingine ila kupitisha porti 80 na 443 kama zilivyo. Cheti na ufunguo wake vinabaki nyumbani, na mwenye seva hiyo anaona pakiti zilizosimbwa tu. Anwani ya nyumba yako pia haionekani hadharani, jambo ambalo mimi nalithamini hata kwa mtu ambaye hakulazimika kupita njia hii, maana anwani ya IP humsogeza mtu asiyekutakia mema karibu na eneo unaloishi. Bado utakuwa unategemea kampuni inayokukodisha, ni kweli. Lakini ni utegemezi unaoweza kuuhamisha kwa mwingine ndani ya saa moja, bila kugusa blogu.

Kwa hali uliyoieleza, ningechukua njia hii ya pili.

Vyeti vya usalama utavipata bure kutoka Let's Encrypt. Cheti chao cha kawaida hudumu siku 90, kwa hiyo usidiriki kukihuisha kwa mkono. Ndani ya Kubernetes kazi hiyo hufanywa na cert-manager. Wakati wa majaribio tumia seva yao ya majaribio, kwa sababu ile halisi ina kikomo cha kutoa cheti kilekile mara 5 kwa wiki. Mtu anayefuta na kuanza upya kila baada ya nusu saa hukifikia kikomo hicho kabla jua halijazama.

Haya, klasta.

Kubernetes ilitolewa hadharani na Google mwaka 2014, na ilikusudiwa vituo vikubwa vya data. Kwa Raspberry Pi tumia K3s, ambayo Rancher Labs waliitoa mwaka 2019: ni faili moja lisilofika megabaiti 100, lenye karibu kila kitu utakachohitaji ndani yake, pamoja na Traefik ya kupokea maombi ya wavuti. Weka mfumo endeshi wa biti 64 kwenye kompyuta zote. Kisha, kabla ya kusakinisha K3s, fungua faili la `/boot/firmware/cmdline.txt` na uongeze `cgroup_memory=1 cgroup_enable=memory` mwishoni mwa mstari uleule uliopo, si kwenye mstari mpya, halafu uwashe upya. Usipofanya hivyo K3s itakataa kuamka.

Swali linalofuata ni nodi ngapi ziwe viongozi. Kiongozi mmoja anahifadhi kumbukumbu za klasta katika hifadhidata ya SQLite, na akifa, klasta inakosa msimamizi, ingawa blogu iliyokwisha kuwashwa kwenye nodi nyingine itaendelea kuhudumia. Ukitaka viongozi wengi, K3s hutumia etcd, hifadhidata inayonakiliwa kwa kila kiongozi, na etcd huamua kwa wingi wa kura. Viongozi watatu wanavumilia kifo cha mmoja. Viongozi wanne wanahitaji kura tatu, kwa hiyo nao wanavumilia kifo cha mmoja tu. Umeongeza mashine bila kuongeza usalama. Ili kuvumilia vifo viwili unahitaji watano. Usiwafanye wote wanne kuwa viongozi.

Lakini subiri kabla hujachagua watatu. Etcd huandika kwenye diski bila kupumzika, na kila uandishi husubiri uthibitisho kwamba umefika. Kadi ya microSD ni ya polepole kwa kazi hiyo na huchakaa. Kama kompyuta zako zinaendeshwa kwa kadi, chukua kiongozi mmoja mwenye SQLite, tena mpe yeye diski ya SSD kupitia porti ya USB 3, ile ya rangi ya buluu. Kama utaweza kupata SSD tatu, hapo viongozi watatu ni uamuzi mzuri.

Kati ya kompyuta zako nne, mimi ningeweka tatu ndani ya klasta na ya nne nje kabisa. Hiyo ya nne ishike hazina ya Git (programu inayotunza matoleo ya faili) yenye makala zako, nakala rudufu, na programu ndogo inayokagua kama blogu inaitika. Mlinzi asiwe ndani ya nyumba anayoilinda; klasta ikivurugika, unahitaji mashine moja iliyo nje ya vurugu hizo ili ujue kilichotokea na uweze kuijenga upya.

Sasa narudi kwenye lile nililosema kuhusu kukumbuka, maana hapa ndipo watu wengi hugundua kwamba klasta yao ni ya sura tu. K3s inakuja na aina ya hifadhi inayoitwa local-path. Programu ikiomba nafasi ya kuweka data, inapewa folda kwenye diski ya nodi ileile iliyoangukia. Tangu hapo programu hiyo imefungwa kwenye nodi hiyo. Nodi ikifa, Kubernetes haiwezi kuihamisha programu, kwa sababu data yake haipo kwingine, nayo itakaa ikisubiri hadi nodi irudi. Unakuwa na kompyuta tatu, programu ngumu ya kuziongoza, na blogu ambayo bado inategemea diski moja. Kuna mifumo ya kunakili data kati ya nodi, kama Longhorn, lakini inakula kumbukumbu na mtandao, na Raspberry Pi 4 yenye gigabaiti 2 au 4 itaihisi kweli.

Tovuti tuli inaukwepa mtego huu wote. Unachukua ile folda ya kurasa iliyotolewa na Hugo, unaifunga pamoja na seva ndogo ya wavuti, nginx au Caddy, ndani ya taswira moja ya kontena, yaani kifurushi kimoja chenye programu na kila inachohitaji. Taswira hiyo ndiyo blogu nzima. Haiombi hifadhi, haikumbuki kitu, na inaweza kuamka kwenye nodi yoyote. Ukiandika makala mpya unatengeneza taswira mpya, unaipa namba ya toleo, na Kubernetes inazibadilisha moja moja bila msomaji kuona pengo. Makala ikiwa na kosa kubwa, unarudi kwenye namba ya jana. Angalia tu kwamba taswira imetengenezwa kwa ajili ya vichakato vya ARM vya biti 64. Ukiitengeneza kwenye kompyuta ya kawaida ya Intel bila kulitaja hilo, kontena litakufa papo hapo na kuandika `exec format error`.

Washa nakala mbili za kontena hilo, si moja, na uamuru ziwe kwenye nodi tofauti. Nakala moja haitoshi kwa sababu ya muda. Nodi ikipotea ghafla, Kubernetes husubiri kwanza ijiridhishe kwamba haipo, kisha kwa kawaida huvumilia sekunde 300 zaidi kabla ya kuhamisha kilichokuwa juu yake. Hizo ni dakika tano na ushee za blogu kuzimika, ukiwa na nodi mbili nzima zilizokaa bure. Ukiwa na nakala mbili, iliyobaki inaendelea kuhudumia wakati mfumo ukitafakari.

Kuna jambo jingine moja ambalo miongozo mingi hulipita kimya. Uliposema kwenye ruta kwamba porti 443 iende kwenye klasta, uliandika anwani ya nodi moja, maana ruta inataka anwani moja. Nodi hiyo ikifa, nakala zako mbili zinaweza kuwa hai na zenye afya kwenye nodi nyingine, na bado hakuna msomaji atakayezifikia. Dawa ni anwani inayoelea: MetalLB au kube-vip huitwaa anwani moja ya ndani isiyo ya mashine yoyote, nodi moja huishikilia, na ikifa nyingine huitwaa. Chagua anwani iliyo nje ya fungu ambalo ruta inagawia vifaa, na kama unatumia MetalLB zima kwanza ServiceLB inayokuja na K3s, la sivyo zitagombania kazi. Kwa njia ya WireGuard kuna kikwazo kilekile kwa sura nyingine: kompyuta inayoshikilia handaki ni moja. Unaweza kuweka mahandaki mawili kutoka nodi mbili, na seva ya kukodi ikachagua lililo hai.

Umeme na joto nitavipitia haraka. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, kila moja. Chaja ya simu isiyotosha huleta makosa ya ajabu ajabu yanayofanana na ubovu wa programu, kwa hiyo endesha `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0` umeme unatosha. Kichakato huanza kujipunguzia kasi kikifika nyuzi 80 za Selsiasi, na kompyuta tatu zilizobebanishwa bila feni hufika huko. Kwa matumizi, kila mashine ikila wati 4 na swichi wati 4, kompyuta nne na swichi ni wati 20, yaani kilowati-saa 14.4 kwa mwezi wa siku 30. Kumbuka pia kwamba Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika na kurudi, inaamka ikiwa na saa isiyo sahihi hadi iulize mtandaoni, na katika dakika hizo vyeti vinaweza kuonekana batili. Ukiona makosa ya vyeti mara tu umeme unaporudi, angalia saa kabla hujagusa chochote.

Usalama unadai nidhamu kuliko utaalamu. Usifungue porti 22 ya SSH, njia ya kuamuru kompyuta ukiwa mbali, wala 6443 ya Kubernetes kwa dunia, hata kwa siku moja. Ukiwa mbali, ingia kupitia WireGuard. Kwenye SSH zima kabisa kuingia kwa nywila, utumie funguo. Kama ruta yako inaweza kugawa mtandao, iweke klasta upande wake na simu na kompyuta za familia upande mwingine, ili mtu akifanikiwa kuingia kwenye blogu asijikute sebuleni. Na sasisha mfumo endeshi nodi moja baada ya nyingine: hapa klasta inakulipa kweli, maana unaweza kuiondolea nodi kazi zake kwa `kubectl drain`, kuisasisha, kuiwasha upya na kuirudisha, mchana kweupe, blogu ikiwa hewani. Hii ndiyo faida ya klasta utakayoifurahia mara nyingi kuliko zote, na haitangazwi vya kutosha.

Nakala rudufu ziko rahisi kwako kwa kuwa blogu nzima ni maandishi na picha ndani ya Git. Hakikisha hazina hiyo ipo sehemu tatu: kwenye kompyuta unayoandikia, kwenye ile ya nne, na mahali pengine nje ya nyumba, iliyosimbwa kwa programu kama restic kama hutaki wengine wasome rasimu zako. Weka pia ndani ya Git faili zote za YAML zinazoielezea klasta. Klasta yenyewe huna haja ya kuinakili. Ukiweza kuifuta na kuijenga upya kutoka kwenye faili hizo mchana mmoja, uko salama kuliko mwenye nakala asizowahi kuzijaribu.

Kuhusu pa kuanzia, usianze na Kubernetes. Andika makala tatu kwa Hugo kwenye kompyuta yako ya kila siku na uzitazame humo. Chukua Raspberry Pi moja, weka Caddy, iweke blogu hewani kupitia njia ya mlango uliyochagua, na uiache ikae wiki kadhaa huku ukiandika. Hapo utakuwa tayari na blogu yako mwenyewe, na lengo kuu la swali lako limetimia. Kisha jenga klasta kwa kompyuta mbili nyingine pembeni, bila presha, kwa kuwa blogu haiitegemei bado. Ukiielewa, hamishia blogu humo, na ile ya kwanza ijiunge kama nodi ya tatu.

Siku utakapomaliza, fanya jaribio la mwisho. Chomoa waya wa umeme wa nodi moja bila kuipa taarifa, subiri dakika moja, ufungue blogu kwa data ya simu. Rudia kwa kila nodi, ukiirudisha kwanza ile iliyotangulia. Blogu ikizimika, usianze kwa kusoma kumbukumbu za Kubernetes. Angalia porti 443 ya ruta, au ncha ya nyumbani ya WireGuard, inaelekezwa kwenye anwani ya nani. Huenda ukakuta nodi uliyoichomoa ndiyo iliyokuwa ikipokea wasomaji wote.